Ngolo Kwenye Mchanga wa Liuli

Mjukuu wangu Osmunda,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Hapa Mbinga hatujambo. Siku hizi wanunuzi wa kahawa wanatufuata mpaka mlangoni, na babu yako anawagombeza wote.

Unauliza kama urudi, maana likizo ya kiangazi huko Japani bweni ni tupu, na majirani wanakuinamia kwa heshima na kupita.

Nilipokuwa msichana nilikwenda likizo Liuli, ziwani, kwa rafiki wa shule. Kila siku nilikalishwa kitini kama mgeni. Nikachoka, nikashika jembe, nikachimba ngolo, mashimo yetu ya shamba la mlimani, kwenye mchanga wao. Yakabomoka yote. Mama mwenye nyumba alicheka mpaka akakaa chini.

"Binti, njoo nikuonyeshe matuta yetu."

Hakuna aliyeniletea kiti tena.

Usirudi bado. Kesho toka, omba kazi kwa jirani, na ukikosea, kosea mbele yao.

Bibi yako