Cherehani Iliyokaa Kituoni

Wangari mjukuu wangu,

Hapa Nyeri tuko salama. Ng'ombe amezaa, na babu yako anamdekeza ndama kuliko alivyomdekeza mama yako.

Unauliza kwa nini niliacha polisi nikaanza kusaidia walioibiwa na kuumizwa. Mshonaji mmoja wa Majengo aliibiwa cherehani. Tulimshika mwizi, lakini cherehani ikabaki kituoni kama ushahidi. Kila Ijumaa mama huyo alikuja kuipaka mafuta isishike kutu.

“Afande,” aliniambia, “nikishinda kesi na cherehani imekufa, nitakuwa nimeshinda nini?”

Nilifuatilia mpaka hakimu akakubali picha ya cherehani itoshe kama ushahidi. Nikaibeba cherehani mwenyewe hadi kwa mama huyo, nimefurahi kuliko siku tulipomshika mwizi.

Ile nguo niliyovaa kwenye harusi ya mama yako, mshonaji huyo aliishona kwa cherehani hiyo hiyo.

Cucu wako