Alama ya Spika Iliyopotea kwenye Simu ya Mama

Jumapili, Bombo. Ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba na nimevaa sweta mbili, lakini moyo wangu ni mwepesi.

Nilipanda jana kutoka Same, ninakoshona nguo, baada ya kusikia kwamba Mama anataka kuacha kusoma masomo kanisani. Macho yake yamefifia, maandishi hayaoni tena. Alikuwa akitegemea programu ya simu yenye masomo ya ibada. Anagusa alama ya spika, simu inamsomea, naye anarudia mpaka somo linakaa kichwani. Jumapili anasimama mbele ya usharika analisema lote. Wageni hawajui kwamba haoni.

Kisha programu ikajisasisha. Ukurasa ukawa mweupe, safi, hauna alama hata moja.

"Nimeiharibu," aliniambia nilipomaliza kumwamkia. "Vidole vya kizee hivi."

Nilitafuta kwenye mipangilio, nikafungua kila palipofunguka. Hamna. Nikawakasirikia watu nisiowajua, walioona kwamba kurahisisha ni kuficha vitu. Nakiri, nilikata tamaa pia. Nilikaribia kumwambia apumzike tu, wasome wengine.

Badala yake nikamsomea mwenyewe.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Unasoma vizuri, mwanangu. Ila wiki ijayo utakuwa Same."

Nikamfikiria mdogo wangu aliyeko Bendera, kwamba labda tungepokezana kumsomea Mama na kumtumia sauti kwa simu. Nikabonyeza mstari wa kwanza ili niunakili nimtumie mdogo wangu, kidole kikakawia pale. Simu ikatetemeka. Chini ya maandishi pakajitokeza alama kadhaa ndogo, na ya mwisho kulia ilikuwa spika.

Ilikuwepo. Siku zote hizo ilikuwepo.

Nilipoigusa, sauti ileile ya mwanamume ikaanza kusoma. Mama akaacha kuchambua maharage.

Nilimshika kidole nikamfundisha: weka penye maandishi, usikiondoe haraka, subiri itetemeke, kisha gusa chini kulia. Akakosea, akarudia, akakosea tena, akapata. Baadaye akaniambia nitoke nje, namsumbua, anasoma.

Leo amesimama mbele na kitenge chake kilichopigwa pasi, akalisema somo bila kukwama. Mahali pamoja alinyamaza, nikadhani amesahau. Kumbe alikuwa anawasubiri watu wamalize kukohoa.

Nje ya kanisa, jirani yetu Mama Eliamani alimvuta pembeni. Naye anaitumia programu hiyohiyo, na ilikuwa imemnyamazia; alidhani simu imezeeka. Nikanyoosha mkono niipokee, lakini Mama alishaniwahi.

"Nipe kidole chako," akamwambia.

Kesho nateremka Same. Nikifika nitawaandikia walioitengeneza, kwa adabu, niwaeleze habari za hawa wawili. Huenda hawakujua tu kwamba wapo.