Siku Niliyokutoa Kwenye Mkoba

Kwako Mama Sefu, mama yangu wa kazini,

Shikamoo. Nakuandikia mahali pa wazi, ambapo hata nisiowajua watasoma, kwa sababu kwenye simu nimeshindwa. Nimeitafuta namba yako mara nyingi, nikaitazama, nikaizima simu. Mimi ambaye ulikuwa unasema sijui kuogopa. Kama kuna mtu wa huko kwenu Kerenge ataisoma barua hii akakutambua, namwomba akusomee polepole.

Kuna jambo linanitatiza. Nimeitwa kuongoza kituo cha afya huko Korogwe, chenye wafanyakazi wengi kuliko zahanati yetu ya Handeni. Wanataka jibu kufikia Ijumaa. Kila mtu ananipongeza, na mimi kila nikitaka kufurahi nakuona wewe umekaa kwenye stuli yako karibu na dirisha, unakata pamba za kusafishia vidonda, hunitazami.

Mwezi uliopita tulipelekwa semina Korogwe mjini. Mkufunzi, baba mmoja mpole mwenye miwani, alitugawia karatasi za maswali ili kila mtu ajue ana tabia ya aina gani kazini. Kuna wapatanishi, kuna wapenda utaratibu, na kuna aliowaita watu wa mafanikio. Hao, alisema, ndio injini ya ofisi. Ukiwapa lengo wanalifikia, ukiwasifia wanaongeza mwendo. Ila wasipojiangalia huanza kuwaona wenzao kama vitendea kazi, na siku wasiposhinda hawajui wao ni nani. Kisha akasoma alama. Katika kundi hilo mimi niliwapita wote ukumbini, na unajua nilifanya nini? Nilifurahi. Niligeuka kuona nani amekuwa wa pili. Ilinichukua mpaka wakati wa chai kutambua kwamba sikuwa nimepewa zawadi.

Unakumbuka nilivyofika? Msambaa wa milimani Lutindi, nimevaa sweta kwenye joto la Handeni, na begi nimelikumbatia kama mtoto. Ulinipokea begi, ukanipa maji, ukaniuliza nyumbani kwetu wakoje. Ndipo nikakusimulia kuhusu baba. Nikitoka shule aliniuliza swali moja tu, nimekuwa wa ngapi. Nikisema wa pili, aliuliza jina la wa kwanza. Wewe ukataka kujua kama siku hizo za kuwa wa pili nilikuwa nakula. Nikakujibu nilikula, ila chakula hakikushuka vizuri. Ulicheka mpaka ukaweka fagio chini, halafu ukaacha kucheka ghafla ukanitazama. Sikujua ulichokiona.

Jumatano ilikuwa siku ya mkoba, siku ya kubeba sanduku la chanjo na kuwafuata akina mama vitongojini. Mimi nesi, wewe mhudumu, na dereva wa bodaboda akituchukua kwa zamu. Tukifika, mimi nilitaka tuanze. Wewe ulitaka kusalimia. Ulimwamkia kila bibi kwa zamu yake, za kuamka, za shamba, mahindi yameshikaje, yule mbuzi aliyevunjika mguu anaendeleaje, kisha Kizigua kinaingia na mimi nabaki nimesimama nimeshika sanduku. Barafu zilikuwa zinayeyuka kweli, hilo sikulizua. Nilikuwa natazama saa, najisemea huyu mama angekuwa na mwendo kidogo tu, tungewafikia watoto wengi zaidi. Na hata leo nikipiga hesabu, hesabu inanipa mimi haki.

Ndiyo maana nasema sielewi. Kwa sababu kuna ile Jumatano ya mvua, unaikumbuka. Ulisema tusivuke kijito, tungoje wiki ijayo, ng'ambo hakuna atakayetutarajia. Nikakataa. Sikukataa kwa huruma, nikiri leo. Nilitaka kitongoji kile kiingie kwenye taarifa yangu ya mwezi. Tukavuka maji yakitufika magotini, tukamkuta mtoto wa mwaka mmoja ana malaria kali, amekakamaa mikononi mwa mama yake ambaye hakuwa na njia ya kumtoa. Tukarudi naye. Alipona. Usiku ule ulinishika bega ukaniambia, "Leo umefanya kazi, sista." Sasa nieleze, mama. Kiherehere kile kile kilichomwokoa yule mtoto ndicho kilichokufukuza wewe. Nitakikata wapi ili kibaki kizuri peke yake?

Nilipofanywa mfawidhi, mkubwa wa zahanati, niliacha kukuamkia. Hakuna siku niliyokaa nikaamua. Nilikuwa naingia mbio, nina karatasi mkononi, nasema, "Mama Sefu, vyombo vimechemshwa?" Wewe ukajibu vimechemshwa. Nina umri wa binti yako wa tatu, na niliishi hivyo miezi mingi bila kuona kasoro. Pengine ulingoja nione mwenyewe.

Kisha kikafuata kile kikao cha wilaya, ambako zahanati hupangwa ya kwanza mpaka ya mwisho kwa kazi ya chanjo. Tulikuwa tumeongoza mara mbili, cheti kipo ukutani. Mara ya tatu tukawa wa pili. Niliuliza jina la wa kwanza. Niliporudi nikapanga zamu upya, nikamweka Rehema, yule nesi mwenye mikono myepesi, kwenye mkoba, na wewe nikakuacha kwenye vyombo na usafi. Nilikuambia ni kwa ajili ya miguu yako. Wote wawili tulijua si kweli. Ulisimama mlangoni kwangu ukasema neno moja tu la kujitetea, "Sista, huku mtoto haletwi kliniki na kadi. Analetwa na bibi yake." Nikakujibu kwamba tutaliangalia, huku naandika.

Jumatano mbili za kwanza tulikwenda kasi ajabu. Nilimsifia Rehema. Ya tatu watu wakapungua, nikasema wako shambani. Ya nne tulikaa kwenye banda la kuchanjia mimi, Rehema na sanduku, tukawasikia watoto wakicheza nyuma ya nyumba, na hakuna aliyeletwa. Nikaanza kupita mlango kwa mlango na kadi zangu. Kwa Bibi Mwanahamisi, ambaye kwako alikuwa hafungi mazungumzo, nilimkuta anapeta mahindi. Nikamuuliza mjukuu yuko wapi, hajapata chanjo ya surua. Alimaliza kwanza ungo wake. Ndipo akasema, "Mwenzio akija, tunajua tumepata mgeni. Wewe unakuja kutuhesabu."

Yule mjukuu aliugua surua baadaye. Alilazwa, akapona, na wewe ungesema alhamdulillahi. Mimi nilisema ni bibi aliyekataa. Niliandika hivyo hata kwenye taarifa, kwamba jamii ilikuwa na mwitikio mdogo. Neno zuri lile, halina mtu ndani yake. Nimelifikiria sana tangu semina. Je, ni mimi niliyemsababishia yule mtoto ugonjwa? Bibi mtu mzima hakuweza kunivumilia dakika tano kwa faida ya mjukuu wake? Kuna siku najibu hivi na kuna siku najibu vile, na siku zote mbili nakuwa na hakika.

Ukaomba kustaafu kwa hiari, miaka kadhaa kabla ya wakati wako. Nilisaini barua yako kati ya karatasi nyingine. Siku ya kukuaga wenzetu walipika pilau, na mimi nikaenda wilayani kupeleka taarifa ambayo ningeweza kuituma kesho yake. Niliporudi vyombo vilikuwa vimeoshwa na basi la Korogwe limeshakuchukua. Mezani kwangu nikakuta sahani imefunikwa kwa kawa. Rehema akasema umenibakizia kwa mkono wako, na umemwambia ahakikishe nimekula. Nilikula nikiwa nimesimama, najaza fomu. Leo nikikumbuka naona aibu mpaka masikio yanawaka.

Nimejaribu kubadilika, mama. Kila Jumatano nasalimia sasa. Nauliza za shamba, nauliza za mbuzi, na Kizigua changu kinawachekesha. Bibi Mwanahamisi amenijibu mara mbili. Lakini juzi, tukirudi, nikajikuta nimefurahi moyoni kwamba nimesalimia vizuri kuliko Rehema. Nikataka hata kumwelekeza. Nilicheka peke yangu nyuma ya pikipiki, halafu nikaogopa. Hata toba yangu nataka ishike namba moja. Mtu kama huyo anaponywaje? Au haponi, anapangiwa tu kazi inayomfaa na watu wa kumvumilia?

Sasa nikuambie ukweli ambao nimeuzungukia tangu juu. Niliandika kwamba wanataka jibu Ijumaa. Nimeshajibu. Walipopiga simu nilisema ndiyo kabla yule mkubwa hajamaliza sentensi yake. Kwa hiyo sikuombi ushauri, nimekosa hata adabu ya kuungoja. Naanza kazi mwanzo wa mwezi, na chini yangu kuna wahudumu wanne, mmoja wao amebakiza miaka michache astaafu. Nimelisoma jina lake kwenye orodha nikashindwa kulala. Simjui, hanijui, na mimi ndiye anayekuja.

Ninachokuomba ni kingine. Kutoka Kerenge mpaka pale si mbali. Njoo siku yoyote ya kliniki. Usijitambulishe, usimwambie mtu kwamba tunajuana. Chukua namba kama akina mama wengine, kaa nao kwenye benchi, unitazame ninavyofanya kazi na ninavyoongea na watu. Ukiona ni yule yule Agnes, simama uende zako bila kuniaga, kama nilivyokufanyia mimi. Ukiona kuna kitu kimebadilika, hata kidogo tu, kaa mpaka foleni ifike kwako.

Ni mimi mwanao wa kazini, ambaye bado hajielewi,

Agnes