Programu Isiyokubali Mafuriko

Jumatatu, 12 Aprili 1999

Zakaria amefika! Miezi mitatu ya "wiki ijayo, madam", na leo kashuka kwenye basi la Malindi na disketi mbili mfukoni mwa shati. Mfukoni mwa shati! Na jasho lote lile.

Ameweka programu kwenye kompyuta yetu ya ofisi. Kwa macho ni nzuri, sitasema uongo. Mto Tana umechorwa kwa rangi ya samawati kutoka Garissa hadi baharini, vijiji ni vidoa vyekundu. Mwenzangu Jaldesa anapokea vipimo vya mto kwa redio kutoka juu, Garissa, mimi naviingiza, na programu inasema maji yatafika lini Golbanti, lini Ozi, tena kwa wingi gani. Ndiyo kazi aliyopewa. Baada ya mafuriko yale ya El Niño, watu wakakaa juu ya mapaa wakingoja helikopta, nani hapa Garsen wa kuuliza programu ya nini?

Nikamuuliza Zakaria kama ameshawahi kuuona mto wenyewe. Akacheka. Eti ameuona leo, dirishani mwa basi.

Kala pilau, kalala gesti, kesho anarudi Mombasa. Kunifundisha — dakika chache tu. Maelezo ya maandishi? "Ni rahisi, madam, utazoea."

Jumatano, 14 Aprili

Kompyuta inalia! Maji makubwa Golbanti kesho, ndivyo inavyosema. Na mto uko chini, ng'ombe wanavuka kwa miguu. Nikampigia Bwana Sadik, mkubwa wetu Mombasa. Akasema tufuate programu, si ndiyo sababu tuliitengenezesha?

Basi nikatangaza.

Ijumaa, 16 Aprili

Hata ndoo moja haikuja. Golbanti walihama wote — mikeka, kuku, wagonjwa juu ya vitanda — wakakaa juani kwenye ardhi ya juu kutwa nzima. Nilikwenda kuomba radhi. Mzee wa kijiji alinisikiliza kwa adabu, na hiyo adabu iliniuma kuliko matusi.

Zakaria kwa simu: kasoro ndogo tu, anairekebisha. Lini? Wiki ijayo!

Jumanne, 20 Aprili

Hapatikani. Namba aliyotuachia ni ya saluni ya dada yake. Dada anasema Zakaria amekwenda Dar, amepata kazi kubwa ya benki. Hongera zake.

Nikamwambia Bwana Sadik tutafute mtaalamu mwingine aifungue hii programu airekebishe. Haiwezekani! Ile iliyoandikwa na Zakaria yenyewe, inayoweza kurekebishwa, iko kwenye kompyuta yake. Sisi tumepewa iliyokwisha kufungwa, na paswadi anayo yeye. Mto ni wetu, vijiji ni vyetu, ufunguo uko Dar.

Na nilisema tangu Novemba! Mtu mmoja, hana ofisi, hana mwenzake, mkataba wenyewe hauna hata neno la atakayetusaidia akiondoka. Bwana Sadik akasema makampuni yana maneno mengi, kijana huyu ni mwepesi. Kweli ni mwepesi. Kapeperuka.

Sasa ananiambia tuwe na subira.

Jumatatu, 26 Aprili

Mvua imepiga huko juu siku nyingi mfululizo. Asubuhi Jaldesa kavua vifaa vya masikioni, kanigeukia, uso umebadilika. Garissa mto umepita kingo zake.

Nikaingiza kipimo. Programu ikakataa. Namba si sahihi, ingiza tena. Nikadhani nimekosea. Jaldesa akawaita tena Garissa, wakarudia ile ile, wakaudhika kwa kuulizwa mara mbili. Nikaingiza. Ikakataa. Nikaingiza polepole, tarakimu moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza. Ndipo ikaifuta, ikaweka yenyewe kipimo cha jana! Chini ikaandika kwa kijani: hali ya kawaida.

Programu ya mafuriko isiyokubali mafuriko. Nilicheka mpaka Jaldesa akaogopa.

Jumanne, 27 Aprili

Nimempata Zakaria! Dada yake kanihurumia, kanipa namba ya Dar. Nikamweleza. Akasema — Mungu wangu — sehemu hiyo hakuiandika yeye. Alimpa mwanafunzi mmoja wa Nairobi, kwa sababu alikuwa na kazi nyingi. Mwanafunzi kaona mto hauwezi kuwa na namba kubwa namna hiyo, lazima ni kidole kimeteleza. Akaweka kikomo. Zakaria hakukagua. Na sasa wamegombana, hawasemezani.

Atakuja mwezi wa sita.

Nilikata simu kabla sijamtukana.

Bwana Sadik naye! Anasema tumeshaaibika mara moja, hatutangazi tena bila ushahidi. Nikamwambia Garissa imejaa maji. Akasema programu inaonyesha kawaida.

"Bwana Sadik, inaonyesha kawaida kwa sababu imekatazwa kuonyesha lingine!"

"Batula, mngoje mtaalamu."

Mtaalamu yuko Dar. Maji yako njiani.

Jumatano, 28 Aprili

Nimezima kompyuta. Jaldesa kaniuliza, "Dada Batula, na Bwana Sadik akipiga?" Nikamwambia aseme nimetoka.

Tumetangaza kwa redio. Golbanti wengine wanafunga mizigo, wengine wanacheka. Ozi hawana redio. Naenda mwenyewe kwa boti.

Alhamisi, 29 Aprili

Ozi. Naandika nimeketi botini, tunangoja watu.

Maji yamebadilika rangi tangu asubuhi, mekundu, yanabeba magogo. Bado hayajatoka mtoni. Waliopanda ni wachache. Bi Kache, mwenye shamba la mpunga hapa ukingoni, alinisikiliza mpaka mwisho, mikono imejaa matope.

"Mwanangu, sisi maji tunayangoja. Bila maji kutanda hakuna mpunga. Niambie tu, haya ni ya kulima au ya kuua?"

Hilo ndilo swali! Hilo hasa ndilo tuliloagiza lijibiwe. Najua yanakuja. Mengi kiasi gani, sijui, na nikamwambia hivyo hivyo. Akaniuliza kama ni kompyuta iliyonituma. Nikasema hapana, ni mimi.

Akaingia ndani. Akatoka na wajukuu wake wawili, nguo zao kwenye leso. Akawapandisha. Nikampa mkono naye apande. Hakuushika.

"Wewe hujui, nami sijui. Hawa wachukue. Mimi nabaki na shamba."

Sasa yuko kule, anaziba tuta kwa jembe. Hatazami huku. Nahodha ameshawasha injini, anasema mkondo unazidi nguvu, twende. Yule mdogo ananivuta mkono, anauliza mbona bibi hapandi.

Nimemwambia nahodha azime. Nateremka tena kumfuata —