Yule Mwanamke wa Kwenye Treni Kumbe Alikufa, Mtani

Haya mtani, yule mteja ameshaondoka. Kaonja asali zote, ya nyuki wakubwa na ya nyuki wadogo, kalamba kidole, kasema atarudi. Harudi yule, namjua, ndiye aliyemzungusha fundi cherehani wa Gongoni mpaka fundi kahama mtaa. Hayo nitakwambia siku nyingine, leo sina utulivu. Hata kukaa nimeshindwa, naandika nimeegemea meza ya asali, karatasi inanata.

Nilikuwa nimefika pale mwanao Paskalina alipokuja kwangu kutoka Sikonge, kajifunika kitenge mpaka puani kama mwenye baridi, na jua la Tabora unalijua. Nikamfunua. Jicho limevimba kama andazi. Nikamuuliza ni nini, akasema, "Nimejigonga mlangoni, mama mdogo." Nikamwambia mwanangu, milango ya namna hiyo naijua, mmoja nilikuwa mke wake kule Kigwa.

Akacheka kidogo, halafu akalia. Kurudi nyumbani kwake hataki, kuondoka anaogopa. Mumewe kamwambia popote atakapokwenda atamfuata. Basi nikaona nimchangamshe kwanza, ndipo tuongee. Ndiyo tabia yangu, umenisema sana kwa hilo.

Sasa hapa stendi kuna banda la video la kijana mmoja anaitwa Hamisi. Anaweka picha za kizungu, na yeye mwenyewe anatafsiri kwenye kipaza sauti. Wazungu wote anawapa majina ya Kinyamwezi, ukimsikia lazima ucheke. Tukapita pale, nikaona kabandika karatasi mlangoni. Mwanamke kasimama kwenye mlango wa treni, kavaa koti, na nyuma yake mkono wa mwanaume umeshika tochi. Mtani, nikaisogelea. Picha hiyohiyo ilikuwa juu ya kile kitabu ulichoazima kwa masista, kile kila mtu alikuwa anakigombania, ukanisomea barazani Kigwa tukibangua karanga. Mimi darasa la tatu langu linatosha kusoma majina ya mabasi, na barua kama hii ya kuungaunga. Kitabu kizima ningekiwezea wapi. Kumbe walikitengenezea na filamu, tena ya zamani hasa, watu wanavuta sigara mpaka hospitalini.

Unaikumbuka hadithi yetu. Mume ni mkata tiketi wa treni ya usiku, mpole, watu wote wanamsifia. Lakini mwanamke akisafiri peke yake kwenye behewa lake, hafiki. Mkewe anakuta hereni kwenye mfuko wa koti lake, na hereni si yake. Anajua sasa zamu yake inakuja. Wewe ulinisomea mwisho wake. Anapanda treni ileile ya mumewe, anangoja mume aende behewa la mbele, treni ikipunguza mwendo kwenye kistesheni kidogo anashuka upande usio na taa, anatembea mpaka kunakucha. Anakwenda mji mwingine, anauza maua. Mume anakamatwa.

Nikamwambia Paskalina, "Twende ukaone hadithi ya mama yako. Yule mwanamke anapona, utaona kwa macho yako." Nilimwambia kwa kinywa kipana, Tekla. Kwa sababu wewe unajua, mimi wiki ile uliyomaliza kunisomea ndipo nilipomwacha mume wangu Rajabu. Asubuhi nilibeba ndoo kama nakwenda kisimani, ndani ya ndoo nguo zangu, nikapanda treni ya kuja mjini. Hakuna aliyenishauri. Nilisema tu moyoni, kama yule ameweza kushuka, mimi nitashindwaje kupanda.

Basi tukakaa kwenye benchi la mbele. Hamisi kampa yule mume jina la Masanja, tumecheka mpaka kwenye hereni. Hapo Paskalina kanishika mkono. Mwanamke akapanda treni, akangoja, treni ikapunguza mwendo. Nikamnong'oneza, "Sasa, angalia sasa." Akafungua mlango wa behewa, na mume kasimama palepale nje ya mlango na tochi yake.

Sitaki kukueleza alivyomfanya.

Nikasimama. Nikasema kwa sauti, "Wewe Hamisi, umekosea, huyo anashuka." Nyuma huko wakaanza, "Mama asali, kaa chini unaziba." Hamisi naye kwenye kipaza sauti chake, "Jamani, mama asali anataka kumteremsha marehemu." Banda likaangua kicheko. Nikamfuata mpaka kwenye mashine yake, nikamwambia rudisha nyuma, umeruka mahali. Akaniambia, "Mama, mimi natafsiri maneno tu, kuua wameua wenyewe."

Paskalina hakucheka. Tulipotoka akasema kwa utaratibu, "Umeona, mama mdogo. Hata akitoka anafuatwa." Kesho yake akajitanda kitenge, akapanda basi la Sikonge, akarudi kwa mumewe.

Toka siku hiyo sijatulia. Nachuja asali, namimina chini. Naanza umbea, nausahau katikati, watu wananiuliza naumwa nini. Nikasema labda wenye filamu ndio waongo, kitabu ni kitabu. Nikaenda kwa yule sista mzee aliyekuazima kitabu, siku hizi kahamia hapa mjini. Nikamuuliza mwanamke wa kwenye treni mwisho wake nini. Akanishangaa. "Anakufa, Zaina. Kila aliyekisoma alilia."

Kumbe ulinidanganya, wewe Mnyamwezi.

Nilitoka pale nina hasira na maiti, fikiria. Nikasema huyu kaenda kaburini na uongo wake, sasa nimgombeze nani. Na utani wetu nao unanifunga mdomo. Tangu babu zetu wanabeba mizigo pamoja njia ya Bagamoyo, Mzaramo na Mnyamwezi wanachukuliana vitu, wanatukanana, wanadanganyana, na hakuna wa kukasirika. Mimi mwenyewe siku ya kukuzika nililala njiani mbele ya jeneza lako, nikasema Mnyamwezi huyu hapiti mpaka nipewe jogoo. Watu wakacheka huku machozi yanawatoka, nikapewa jogoo, ndipo ukapita. Sasa nitasema nini na wewe?

Lakini nilipokuwa natembea kurudi ndipo nikaiona ile siku vizuri. Ulisoma, ukafika pale treni inapopunguza mwendo, ukanyamaza. Ukaniangalia. Siku ile nilikuwa nimekaa upande, kwa sababu mbavu zilikuwa zinauma, na nilikuwa nimekwambia nimeanguka na kuni. Halafu ukaendelea kusoma. Kistesheni, upande usio na taa, maua, vyote hivyo ukanisomea, na kidole chako kilikuwa palepale, Tekla. Hukufunua ukurasa hata mmoja. Mimi nikajua ndivyo vitabu vinavyosomwa.

Nilikaa chini pembeni ya barabara. Bodaboda akasimama, akaniuliza, "Mama, twende?" Nikamwambia nenda mwanangu, mimi nimeshafika.

Jana nikampigia Paskalina, mumewe akiwa kwenye mnada wa tumbaku. Nikamwambia yote. Nikamwambia kitabuni anakufa, kwenye filamu anakufa, hilo ni kweli, sikufichi. Lakini mama yako aliona mbavu zangu, akaufunga mdomo wa kile kitabu, akanisomea mwisho wa kwake. Mimi nikautii huo, na ndiye ninayeongea na wewe. Rajabu naye alisema atanifuata. Alifika mpaka stesheni ya Tabora, akanikuta na akina mama wa sokoni na miiko yao, akarudi na treni ya jioni. Nikamwambia akina mama bado wapo, na mimi mwiko ninao. Akambembeleza mwanawe aliyekuwa analia nyuma yake. Akasema, "Nimekusikia, mama mdogo." Akakata simu.

Ndiyo maana leo sikai. Kila basi la Sikonge likiingia na vumbi lake nanyanyua shingo. La asubuhi limeleta magunia na mzee mmoja na baiskeli yake. La mchana bado.

Mtani wangu, lala. Sijakusamehe, kwa sababu hakuna cha kusamehe, na hata kingekuwepo utani haukubali. Nakuahidi hili tu, nikiulizwa na mwanamke yeyote hadithi ya ile treni, mimi nitaisimulia ya kwako. Hamisi aendelee na ya kwake. Na mwanao, akija, chumba cha nyuma nimeshakifagia, kitanda

Ngoja. Konda wa basi la Sikonge ananiita kule, anasema mama asali njoo, kuna mtu wako hapa ana mtoto mgongoni, na begi lake limekatika mkanda