Mlango wa Mmadi

Mmadi, ndugu yangu,

Assalamu alaikum. Haya, nijibu kama unaweza. Miaka yote hukukubali niseme neno la mwisho. Leo nimekushinda, na wala sijafurahi.

Nakuandikia kwa Kiswahili kilekile tulichokiokota Unguja tukibeba ndoo za chokaa, maana Kingazidja chako hakiandikiki, na Kinzuani changu ulikuwa ukisema ni cha kuku wanaogombana. Mwandiko wangu unaujua. Vumilia.

Tangu tukuzike hapa Mutsamudu, kisiwani kwangu, sikai. Nikiketi nasimama. Asubuhi nashuka bandarini kuuliza kama kuna boti ya Moroni, kisiwani kwenu, na wapagazi wananicheka: "Mzee Bakari, leo umevaa vizuri, unaoa?" Hakuna boti. Wakubwa wa huku wamesema sisi sasa ni nchi yetu wenyewe, wakubwa wa Moroni wamesema sisi ni waasi, na saruji ya msikiti imekwama katikati haijui iende kwa nani. Bintiyo Rahma hajaliona kaburi lako. Mvuvi mmoja aliyevuka kwa kujificha kaniletea habari zake: yupo soko la Volo Volo, anauza vitambaa, na akiulizwa baba yuko wapi anasema yuko kazini. Mpaka leo. Yuko kazini.

Msikiti wetu uko vile ulivyouacha. Ule mnara uliosema utaonekana mpaka Moroni umeishia nusu, nondo zimechomoza juu kama nywele zako ulipokuwa unaamka, na kunguru wameshaufungua kabla ya watu. Umeme hakuna, kipaza sauti ni pambo, muadhini anatumia koo lake. Lakini ndani, wallahi, kuzuri. Zile nguzo ulizozipima kwa timazi mpaka nikatamani kukupiga nalo, hakuna hata moja iliyoinama. Upepo wa bahari unaingia kwa madirisha ya chini, joto linatokea juu, kama alivyoahidi yule mhandisi wa michoro kabla hajakimbilia kwao. Babu zetu walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, vijisikiti vya kuinamisha kichwa. Sisi tumemwaga zege, na sasa mji mzima unaingia bila kukanyagana. Kuba tu ndiyo ilikuwa ikivuja, palepale ninapokaa. Ulisema, "Mungu anamjua anayesinzia kwenye hotuba."

Sasa shida. Mlango wako.

Ule mdogo wa pembeni, karibu na kibla, ambao haukuwa kwenye mchoro. Kwenu Ngazidja, waliokwisha kufanya harusi kuu, ile ya kulisha mji mzima, wana mlango wao na safu yao ya mbele. Nilipokuuliza ulijibu, "Mkono umezoea, Bakari. Umejenga wenyewe." Mkono gani! Wewe harusi kuu hukuifanya. Mvi mpaka masikioni, na kwenu bado ulihesabiwa kijana, unakaa nyuma na wavulana, hata katika misikiti uliyoijenga wewe. Halafu hapa, ambapo hakuna aliyekuuliza, kila Ijumaa unapita mlango ule kifua mbele, joho la kuazima, mpaka safu ya kwanza. Nilikuwa nabana kicheko mpaka machozi. Sikumwambia mtu.

Na siku ya jeneza lako ni mimi niliyesema: apite kule. Tukakutoa kwa mlango ule, wakubwa wote nyuma yako. Uliona? Sijui kama uliona.

Basi kuna mdomo umeifikia kamati ya msikiti. "Huo ni mlango wa Wangazidja! Hatukujitenga ili waje waingie kwa pembeni." Mwenyekiti, ambaye mkewe mwenyewe ni wa Moroni na hilo halisemi kwa sauti, akaniita: "Fundi Bakari, uzibe kabla ya Ijumaa." Nikasema magoti yananiuma. Akasema ukuta haujengwi kwa magoti. Nikasema mwiko wangu umepotea. Akanipa mwiko. Nikasema saruji hakuna kisiwani. Akatoa mfuko, sijui alikuwa ameuficha wapi, labda chini ya kitanda pamoja na mke. Na ningekataa, wapo vijana wangeuziba kwa zege na nondo, usifunguke tena mpaka Kiyama.

Nikauziba, Mmadi. Usinilaani, sikiliza kwanza.

Nimepanga mawe kwa udongo mwekundu wa kule Patsy, udongo mtupu, na juu nikapiga lipu ya chokaa, ile uliyokuwa ukiiita poda ya mabibi. Imetoka laini kuliko kuta zako zote, nakwambia ukweli. Mwenyekiti akaja akaipapasa: "Mashallah, saruji ni saruji!" Nikasema amina. Mfuko wake nilishapanda nao kwenye kuba. Ijumaa mvua ikanyesha, halikudondoka tone, na khatibu akatangaza kwamba hizo ni baraka za kuuziba mlango. Nilitafuna ndevu nisicheke.

Lakini raha haikukaa. Kila baada ya swala nakwenda kuugusa. Naogopa udongo utalegea kabla ya wakati, halafu naogopa kwamba hautalegea. Zaidi naogopa nife kwanza mimi, maana mwingine anayeijua siri hii ni wewe, na wewe siku hizi husemi.

Kwa hiyo nakuahidi. Siku boti ya Moroni itakapotia nanga, nitashuka bandarini, magoti yatake yasitake, nimpokee Rahma. Kwanza kaburini kwako. Kisha nitampeleka nje ya msikiti, upande wa kibla, nimwonyeshe pa kuweka mguu. Teke moja linatosha. Wazee wapige kelele watakavyo. Mwanga utaingia mpaka safu ya mbele, nami nitamwambia: pale ndipo baba yako alipokuwa akiketi.

Pumzika, mkubwa. Sogea kidogo uniachie nafasi, ila usiniite bado. Nina ukuta wa kubomoa.

Wako Bakari, ambaye sasa anasinzia pakavu.