Shamba la Mkonge Halikuwa Pori

Mjukuu wangu Mghoi,

Huku Bura hatujambo, na mama yako ameshavuna maharagwe. Umeuliza kama ufundishe historia isiyo kitabuni.

Nilipokuwa mwalimu, kitabu kilisema shamba la mkonge lilikuwa pori tupu. Msichana mmoja akasimama. "Mwalimu, babu yangu alifukuzwa pale. Nyumba yake ilichomwa."

Inspekta wa shule alikuwa ameketi nyuma. Nikamwambia mtoto, "Kaa chini. Andika kama kitabu kinavyosema." Akaandika huku analia.

Inspekta alinisifu. Nina hasira naye mpaka leo, lakini zaidi najikasirikia mwenyewe. Baba yangu pia alifukuzwa pale, na nilijua.

Akisimama mtoto kama huyo darasani mwako, mwache aseme mpaka amalize.

Nyanya yako